Bega na mkono vinaniuma kwa kulala na mtoto. Nifanyeje bila kumhamisha?

Mama Zuhura, Muheza

Habari zenu wana jukwaa. Naomba ushauri, hasa kwa wazazi mliolala au mnaolala kitanda kimoja na mtoto mchanga.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Binti yangu ana miezi mitano, nilijifungua kwa operesheni. Tunalala watatu kwenye kitanda cha tano kwa sita: mtoto upande wa ukutani, mimi katikati, baba yake mwisho. Godoro ni la inchi nane, tulilinunua tulipooana, na sasa limeanza kubonyea katikati. Ukishachomeka chandarua pande zote, kitanda kinakuwa kidogo kuliko unavyokiona mchana.

Shida ni bega la kulia. Kwa kuwa mtoto yuko ukutani, nalala ubavu wa kulia nikimtazama, mkono wa kulia nimeukunja chini ya kichwa changu, na hapo ndipo ninapobaki mpaka adhana ya alfajiri. Nikijaribu kujigeuza anashtuka. Asubuhi kidole cha mwisho na cha pete vinakuwa vimekufa ganzi, naviminyaminya mpaka virudi. Nikifika shule, bega linakataa kuinua mkono ubaoni. Mstari wa juu kabisa, pale pa kuandika tarehe na somo, inabidi niushikilie mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Kuna mtoto wa darasa la tatu ameshaliona hilo, siku hizi anakuja mbele mwenyewe: "Mwalimu, nikuandikie tarehe?" Na mkono wa kushoto nao gumba linachoma kila ninapomnyanyua Zuhura.

Najua wengi mtasema nimhamishe. Nisikilizeni kwanza. Likizo yangu ya siku 84 imekwisha, nimerudi kazini. Namwachia dada wa nyumbani maziwa niliyokamua, lakini mtoto anayagusa kidogo tu, ananisubiri mimi. Chakula chake kikubwa ni usiku. Ananyonya, analala, ananyonya tena. Nikimweka mbali hatalala yeye wala mimi, na saa moja na nusu natakiwa niwe darasani.

Mama mkwe anaamini ni ile sindano ya mgongo niliyochomwa siku ya operesheni, kwamba ukishachomwa hiyo mwili haurudi tena. Dukani kwa dawa nilikoenda nikapewa tramadol. Ziko kabatini, sijazinywa kwa sababu nanyonyesha.

Naomba mnijibu: ni sindano kweli? Na kuna namna ya kulala naye ambayo haitanimaliza mkono?

Umm Salim, Kisauni

Pole dadangu. Mie nimelala na wana wanne, na huku kwetu Mombasa kitanda cha mtoto huwa ni cha kuwekea nguo.

Nikuulize: titi la kushoto likoje? Maana kama unalala ubavu wa kulia usiku kucha, bila shaka la kulia ndilo linalonyonywa zaidi, lile lililo chini. La juu hujaa likawa gumu. Mie lilinivimba mpaka nikapata homa na baridi, titi likawa jekundu upande mmoja, ikabidi niende hospitali nikapewa antibayotiki. Daktari aliniambia niendelee kumnyonyesha mwana upande huo huo, nisiache. Kwa hiyo angalia hilo mapema. Ukisikia donge, mwanzishe titi hilo kwanza.

Na la pili ni joto. Miili mitatu ndani ya neti moja, mwezi wa pili, nyama za shingo hukaza kwa kujibana usimguse mwenzio. Mvalishe mtoto nguo moja nyepesi, wewe jifunge leso yako, shuka liishie kiunoni mwako lisimfikie yeye. Ukimpapasa kifua na nyuma ya shingo ukakuta jasho, basi amevikwa kupita kiasi.

Ya bega siyajui vizuri, watakuja wanaojua.

Baba Neema, Mwanza

Mwalimu, naandika kwa niaba ya sisi tunaolala ukingoni. Mke wangu alikuwa anaumwa bega kama wewe, mimi shingo. Nililala ubavu mmoja nimeushika ubao wa kitanda ili nisianguke na nisiwabane wao. Mgongo wangu unagusa neti, na mbu haitaji tundu: ngozi ikigusana na neti anakung'ata hapo hapo kutokea nje. Nikahamia kwenye mkeka sakafuni, kiuno kikagoma. Naendesha lori, kiuno ndicho kinachonilisha.

Kilichotusaidia ni fundi seremala. Nilimwita akapima kimo cha kitanda chetu kutoka sakafuni mpaka juu ya godoro, akatengeneza kitanda kidogo cha mbao za paini, futi mbili kwa nne, kina kingo pande tatu, upande wa nne uko wazi. Upande ulio wazi ndio unaoshikana na kitanda kikubwa. Nilimsisitiza mambo mawili na ninakusisitiza na wewe. Kwanza magodoro yote mawili yawe sawasawa kwa kimo, yasipishane. Pili vitanda vifungwe kwa bolti, au kamba ya nguvu iliyokazwa, pasibaki mwanya hata wa kuingiza vidole, kwa sababu mtoto anaweza kuteleza na kunasa pale. Kila jioni kabla ya kulala napitisha mkono kwenye maungio kuhakikisha.

Mtoto yuko kwake, mama anamfikia kwa kunyoosha mkono. Akitaka kunyonya anavutwa, akimaliza anarudishwa. Neti tulinunua kubwa ya sita kwa sita, ikafunika vyote viwili.

Na baba yake Zuhura apewe kazi usiku. Sheria inatupa sisi akina baba siku tatu tu za likizo ya uzazi, zinaisha kabla kitovu hakijakauka, lakini usiku ni wetu. Mama akimaliza kunyonyesha, mimi ndiye niliyekuwa nambeua Neema na kumrudisha. Dakika hizo mke wangu anapata kujinyoosha na kugeukia upande mwingine.

FizioDada, Dar

Mwalimu, pole sana. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Wanawake wengi wanaokuja kwangu na bega la namna hii huingia mlangoni na mtoto mgongoni. Wanangu wote wawili nimelala nao, kwa hiyo sitakuambia umhamishe kisha nihesabu kwamba nimekusaidia. Nitaandika kirefu kwa sababu umeeleza vizuri, na kwa sababu wazazi wengi wanavumilia maumivu haya wakidhani ndiyo uzazi wenyewe.

Sindano kwanza, maana naisikia karibu kila siku. Ganzi ya mgongoni huchomwa chini kiunoni, chini ya pale unapoishia mshipa mkuu wa fahamu ulio ndani ya uti wa mgongo. Mahali ilipopita panaweza kuuma siku chache. Lakini wanawake waliochomwa walipolinganishwa na wasiochomwa, haikuonekana kwamba sindano ndiyo inayoleta maumivu ya mgongo ya kudumu. Na haina njia ya kupanda mpaka bega la kulia. Wapo waliojifungua kawaida, hawajawahi kuiona hiyo sindano, na wanalia bega hili hili. Mama mkwe anasema kwa kukuhurumia. Mwonyeshe namna unavyolala, atalielewa.

Kinachokuumiza ni kutojigeuza. Mtu mzima akilala peke yake hubadilisha ubavu mara nyingi usiku bila kujijua, na kila anapogeuka, bega na nyonga vilivyokuwa vimegandamizwa vinapumzika. Mama aliyelala na mtoto anaacha kugeuka. Amelala, lakini mwili umeshika zamu. Mwanaanthropolojia James McKenna wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, ametumia miaka mingi kuchunguza akina mama wanaonyonyesha wakiwa wamelala na watoto wao, na mlalo anaoueleza ni huu huu wako: mama anamgeukia mtoto, mkono wake uko juu ya kichwa cha mtoto, magoti ameyakunja chini ya miguu ya mtoto. Ule mkono unamzuia mtoto asipande kwenye mto wako, na yale magoti yanamzuia asiteleze ndani ya shuka. Hakuna aliyekufundisha. Ni mlalo mzuri kwa mtoto, na ndiyo maana sitaki uuache. Nataka tuubadilishe vitu vidogo ili na wewe ubaki na bega.

Ganzi yako imenisaidia sana kujua. Kidole cha mwisho na cha pete vinatumikiwa na mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko, ule unaokupiga shoti ukijigonga kwenye kona ya meza. Kiwiko kikikunjwa saa nyingi mshipa unavutika na kubanwa, na juu yake umeweka kichwa. Kama ganzi ingekuwa kwenye gumba, cha shahada na cha kati, ningetazama kwenye kifundo cha mkono, jambo ambalo nalo ni la kawaida kwa wajawazito na wazazi. Wewe ni kiwiko. Kwa hiyo mkono utoke chini ya kichwa, kuanzia leo. Chukua mto mmoja, uwe mgumu kiasi na mnene wa kutosha kujaza nafasi kati ya sikio na bega, shingo isipinde. Wanawake wengi hutia mkono chini ya kichwa kwa sababu mto ni mwembamba, umeshalaliwa ukabaki ganda. Kisha chukua taulo dogo, lizungushie kiwiko bila kukaza, vaa blauzi ya mikono mirefu juu yake ili lisifunguke likamfikia mtoto. Kiwiko kitapinda kidogo tu, hakitakunjika chote.

Bega lenyewe, usililalie kwenye ncha. Ukishalala ubavu, tumia mkono wa juu kulivuta bega la chini litoke mbele kidogo, uzito uhamie kwenye bapa la bega kwa nyuma. Mgongoni kwako, kati yako na baba Zuhura, weka kitenge kizito kilichoviringishwa, uegemee. Kati ya magoti weka khanga mbili zilizokunjwa, nyonga ya juu isining'inie. Hiyo inakuhusu hasa wewe, kwa sababu wakati wa ujauzito mwili hutoa homoni inayoitwa relaksini inayolegeza kano za nyonga, na ulegevu huo hauishi siku ya kujifungua, unachukua miezi. Na misuli ya tumbo iliyofanyiwa operesheni bado haijarudisha nguvu ya kukushikilia. Mito laini yote iondoke upande wa mtoto.

Sasa jambo ambalo nafikiri litakusaidia kuliko mengine. Geuza upande wa kulalia. Mito iliyoko kichwani ipelekeni miguuni, nyote watatu mlale kichwa kilipokuwa miguu. Mtoto atabaki ukutani, baba mwisho, lakini wewe ukimtazama mtoto utakuwa umelalia ubavu wa kushoto. Bega la kulia litakuwa juu, huru. Na titi la kushoto litakuwa chini, kwa hiyo lile aliloulizia Umm Salim nalo linapata zamu yake. Bega la kushoto likianza kulalamika, mnarudi kule. Haigharimu hata shilingi.

Mtoto alale juu ya godoro, kichwa chake usawa wa ziwa lako, asilale juu ya mkono wako. Kichwa cha mtoto kwenye mkono, kati ya bega na kiwiko, kwa saa nzima kinaweza kubana mshipa mwingine mpaka ukaamka kiganja kinaning'inia, huwezi kukiinua. Nimewaona, akina baba wakiwemo. Akiachia ziwa, mlaze chali, na wewe lala chali, weka kiganja tumboni kwake. Wengi wanaogopa kwamba wasipomtazama ataamka. Mtoto akikusikia uko karibu mara nyingi anaendelea kulala, na wewe unapata vipindi vya kulala chali ambavyo misuli yako inavidai.

Gumba la kushoto ni suala jingine. Kunja gumba ndani ya kiganja, lifunike kwa vidole vingine, kisha pindisha kifundo kuelekea upande wa kidole cha mwisho, taratibu. Ukisikia mchomo mkali kwenye mfupa upande wa gumba, hizo ni kano zilizovimba ndani ya ala yake. Daktari mpasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, alieleza ugonjwa huu mwaka 1895 na bado unaitwa kwa jina lake. Wazazi wa watoto wachanga huupata kwa kumnyanyua mtoto kwa kumshika kwapani, gumba limesimama wima, kilo zote zikiwa juu yake. Mchote badala ya kumnyanyua: kiganja kimoja chini ya makalio, kingine chini ya mabega na shingo, viganja vikitazama juu, kifundo kikiwa kimenyooka. Mvute kwanza mpaka karibu na kifua chako ndipo umwinue. Banzi la gumba la kuvaa usiku na unapopumzika husaidia wengi. Lisiposikia, kuna sindano ya daktari inayoshusha uvimbe.

Tramadol zirudishe. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba mama anayenyonyesha asitumie tramadol wala kodini, kwa sababu dawa huingia kwenye maziwa na inaweza kumlevya mtoto na kumpunguzia pumzi. Na hata kama usingenyonyesha, dawa yoyote inayokulaza usingizi mzito haiendi pamoja na mtoto kitandani, zikiwemo piritoni za mafua. Panadoli na ibuprofeni kwa kipimo cha kawaida zinaruhusiwa unaponyonyesha, kama huna vidonda vya tumbo wala pumu inayokorofishwa na dawa za aina hiyo.

Na kwa kuwa wanasoma wengine pia, niliseme hili wazi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, katika mwongozo wake wa 2022 kinashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi lakini kwenye sehemu yake mwenyewe, angalau miezi sita ya mwanzo. Kitanda alichotengeneza Baba Neema kinakaribia hapo, nami ningekipendelea kama mnakimudu. Kama mmoja wenu anavuta sigara, amekunywa pombe, au ametumia dawa ya usingizi, mtoto asilale kitandani kwenu. Vivyo hivyo aliyezaliwa kabla ya wiki 37 au chini ya kilo mbili na nusu. Na hakuna mtu wa kusinzia na mtoto kwenye kochi, hilo ni la hatari kuliko kitanda. Watu huhamia kochi wakikimbia maumivu ya mgongo, wanajiegemeza "kidogo tu", usingizi unawachukua.

Godoro nalo: mlalo wowote mzuri unaharibikia kwenye shimo. Mwili unatumbukia katikati, mtoto naye anabingirika kukufuata. Linyanyueni muangalie chaga. Mara nyingi moja imevunjika au zimeachana mno, na mnalilaumu godoro bure. Fundi aongeze chaga, kisha mligeuze juu chini.

Mama Zuhura, Muheza

Jamani asanteni. Dada, nimeisoma yako nikamsomea na mume wangu kwa sauti.

Tumegeuza mito. Zuhura alikaa anatazama dari upande ule kwa muda, kisha akanyonya akalala. Bega la kulia limepata nafuu ya kuonekana, nikiinua mkono bado kuna mahali panakwaza lakini si ule uchungu. Ganzi ipo, imepungua. Kile kipimo cha gumba nimekifanya mara moja tu, sitarudia. Ndicho chenyewe.

Tuliponyanyua godoro tukakuta chaga mbili zimekatika, moja iko chini ya pale ninapolala mimi. Na kilichonitisha ni ukutani. Kitanda kimeachana na ukuta, kiganja changu kinaingia. Mchana hakuonekani kwa sababu ya shuka. Nilikuwa nataka kuziba kwa mto na khanga.

Titi la kushoto ni kweli lilikuwa na donge, Umm Salim, Mungu akuweke. Limelainika tangu lianze kunyonywa usiku.

Mama mkwe anaomba anikande bega kwa maji ya moto na mafuta ya nazi. Nimruhusu? Na shuleni nifanye nini, maana ubao siwezi kuuhama.

FizioDada, Dar

Pale ukutani usijazie mto wala khanga. Vitu laini vinasogea, na mtoto akiteleza anakutana navyo usoni. Kisukumeni kitanda kigandamane na ukuta, kisha upande wa nje, kwenye miguu ya kitanda, mpigilie vipande vya mbao sakafuni, au muweke tofali zito kila mguu, kisirudi nyuma mnapogeuka. Chandarua kisipite katikati ya godoro na ukuta kikaacha nafasi, kichomekwe chini ya godoro kabisa. Kama ukuta haujanyooka, bora kitanda kikae mbali nao kabisa na godoro lishushwe chini juu ya mkeka, neti ichomekwe pande zote. Kwa aliyefanyiwa operesheni kuinuka sakafuni ni kazi: geuka ubavu, sukuma kwa mikono, piga magoti, ndipo usimame. Usikurupuke kwa tumbo.

Mama mkwe mruhusu, tena mshukuru. Kitambaa cha maji ya moto begani na kwenye bapa la bega, kiasi cha kuvumilika, kisha akukande kwa mafuta akipita juu ya misuli kati ya shingo na bega. Asiminye nyuma ya kiwiko, pale mshipa ulipo, na maji ya moto yasiende kwenye mshono wa tumbo. Mikono yake ikiwa begani, mtoto awe kwa baba yake, ili usiwe unakandwa huku umejikunja kunyonyesha.

Shuleni, andika kuanzia usawa wa macho kushuka. Ile tarehe ya juu mwachie huyo mwanafunzi, mpe kiti imara apandie ukiwa umesimama karibu, atafurahi. Simama karibu na ubao, kiwiko kisiwe mbali na mbavu, sogea kwa miguu badala ya kunyoosha mkono. Kipindi kikiisha simama mgongo ukutani, visigino, makalio na mabega viguse, vuta kidevu nyuma, kisha telezesha mikono ukutani kupanda juu mpaka pale panapoanza kuuma, rudi. Fanya kidogo, mara nyingi kwa siku. Nyumbani uiname kidogo umeshika meza kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia uuache uning'inie na kuuzungusha taratibu.

Ganzi ikiendelea mchana kutwa, au ukaona vidole havina nguvu ya kushika chaki, au bega likazidi kukaza mpaka huwezi kufunga sidiria kwa nyuma, usisubiri. Hospitali za rufaa za mikoa zina fiziotherapia, kwako karibu ni Bombo, Tanga mjini. Siku hiyo hiyo uende hospitali kama titi litakuwa jekundu na una homa, kama mguu mmoja utavimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au kama sehemu za siri na mapaja ya ndani yatapata ganzi au haja ikakushinda kuizuia.

Usiku mpelekee baba yake kile kipande cha kubeua alichosema Baba Neema. Zuhura akishiba yeye ampokee, wewe nyoosha mikono yote miwili, lala chali, hata kama ni kwa muda wa kumbeua tu.